Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo: Shahada ya Ustawi wa Jamii Iwafikie na Watu Wazima

Kwa:
Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu,
Wakuu wa Idara za Ustawi wa Jamii,
Wajumbe wa Mabaraza ya Ithibati yanayoidhinisha kozi za vyuo, na wa Bodi za Mikopo ya Elimu ya Juu.

YAH: VIKWAZO VINAVYOWAZUIA WATU WAZIMA KUSOMA NA KUHITIMU SHAHADA YA USTAWI WA JAMII

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima yote mnayostahili, na tunawaandikia hadharani kwa sababu tumekwisha kubisha hodi katika kila mlango wa ndani. Tumeandika barua kwa ofisi za udahili, tumekata rufaa kwa taratibu zilizowekwa, tumejaza fomu za tathmini mwishoni mwa mihula na kuwatuma wawakilishi wetu kwenye vikao vya idara. Majibu, pale yalipopatikana, yalikuwa mafupi na ya kufanana: kanuni haziruhusu, bajeti haipo, suala lenu limepokelewa. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba tunayoyasema si ya kweli.

Sisi ni watu wazima tunaosoma, tulioomba kusoma, au tuliolazimika kuacha kusoma shahada ya ustawi wa jamii. Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kabla ya kuisomea. Miongoni mwetu wamo wahudumu wa kujitolea waliotembelea kaya za watu wanaougua kwa muda mrefu, walezi waliopokea watoto walioondolewa kwenye mazingira ya ukatili, waliouguza wazazi waliopoteza kumbukumbu, na wale ambao wao wenyewe waliwahi kukaa upande wa pili wa meza, wakihojiwa na afisa ustawi wa jamii kuhusu watoto wao, makazi yao au ulevi wao. Hatuombi shahada ya zawadi, wala hatuombi mtihani mwepesi. Tunaomba shahada ile ile, kwa masharti ambayo mtu mwenye watoto, kazi na umri wa miaka arobaini anaweza kuyatimiza.

Mturuhusu tukumbushe jambo la historia, kwa kuwa linagusa hoja yetu moja kwa moja. Elimu ya ustawi wa jamii haikuanza kwa vijana waliotoka shule. Mwaka 1898, shirika la hisani la jijini New York lililoitwa Charity Organization Society liliendesha kozi ya wiki sita wakati wa kiangazi, ikiwalenga watu waliokuwa tayari katika kazi ya kuwahudumia maskini. Kutokana na kozi hiyo ilizaliwa skuli ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Jane Addams, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, alipofungua Hull House, nyumba ya huduma kwa wakazi maskini wa mtaa jijini Chicago, mwaka 1889 hakuwa na shahada ya ustawi wa jamii, maana shahada ya namna hiyo haikuwapo. Na tafsiri ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inaweka haki ya kijamii, haki za binadamu na kuheshimu tofauti za watu katika kiini chake, na inayataja maarifa ya jamii za asili kuwa sehemu ya msingi wa taaluma pamoja na nadharia za darasani. Mnaifundisha tafsiri hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunaomba muisome tena mkiwa na fomu ya udahili mkononi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Udahili. Mwombaji wa miaka arobaini na mitano anapimwa kwa matokeo ya mtihani wa sekondari alioufanya akiwa na miaka kumi na minane, pengine katika shule isiyokuwa na walimu wa kutosha, pengine akiwa mjamzito, pengine akiwa ndiye anayewalisha wadogo zake. Yale aliyoyafanya katika miaka yote iliyofuata hayana nafasi kwenye fomu. Vyuo kadhaa vina mlango maalumu wa watu wazima katika maandishi, lakini nafasi zake ni chache, tangazo lake hutoka kwa kuchelewa, na mtihani wake hauna hata mwongozo wa kujiandaa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, katika ibara yake ya 13, unataka elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa kwa kigezo cha uwezo. Viwango vya kimataifa vya mafunzo ya ustawi wa jamii vilivyopitishwa mwaka 2004 vilizitaka shule ziwe na sera za udahili zinazoakisi sura ya jamii inayozizunguka na kuyapa uzito makundi yasiyowakilishwa vya kutosha. Cheti cha zamani hakipimi uwezo wa leo, na darasa lenye watu wa rika moja na malezi ya aina moja haliakisi jamii yoyote tunayoijua.

2. Utambuzi wa ujuzi uliotangulia. Mwaka 2012 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilitoa miongozo ya kutambua na kuthibitisha mambo ambayo mtu amejifunza nje ya mfumo rasmi. Miaka saba baadaye, mwaka 2019, ikapitisha mkataba wa kimataifa wa kutambuana kwa sifa za elimu ya juu, ulioanza kufanya kazi mwaka 2023, nao unazungumzia pia ujifunzaji uliotangulia. Hata hivyo mtu mwenye stashahada na miaka mingi ya kuongoza vikao vya familia huketi mwaka mzima akifundishwa namna ya kumkaribisha mhudumiwa na kumsikiliza. Hatudai kwamba uzoefu pekee unatosha. Uzoefu unaweza kubeba mazoea mabaya, na nadharia ndiyo inayoyafichua. Wengi wetu tumeiona kazi yetu ya zamani kwa macho mapya baada ya kusoma. Tunachodai ni kipimo: tupewe nafasi ya kuonyesha tunachokijua, kwa jalada la kazi, kwa mahojiano au kwa mtihani, na tukifaulu tusilipishwe ada ya somo hilo kwa mara nyingine.

3. Mafunzo kwa vitendo bila malipo. Hapa ndipo wenzetu wengi wanapoanguka, na tunaomba uvumilivu wenu, maana jambo hili linahitaji maelezo marefu.

Hakuna kati yetu anayepinga mafunzo kwa vitendo. Huwezi kujifunza kumwondoa mtoto katika nyumba hatari, au kuamua kwamba asiondolewe, kwa kusoma tu. Tatizo letu ni namna yanavyopangwa na nani anayebeba gharama yake. Nchini Australia chama cha taaluma kinamtaka mwanafunzi atimize saa 1,000. Marekani, shahada ya kwanza inahitaji saa zisizopungua 400. England mwanafunzi anatakiwa kukamilisha siku 200, zikiwamo hadi 30 za kujenga stadi. Chukueni hizo saa 1,000 na muzigawe kwa wiki ya kazi ya saa 40: ni wiki 25, karibu nusu mwaka, ambamo mtu mzima anafanya kazi ya kutwa bila mshahara, huku akiendelea kulipa ada ya kozi hiyo hiyo, pango la nyumba, nauli na chakula cha watoto. Kijana anayelelewa na wazazi wake anaumia kwa utaratibu huu, nasi hatupuuzi maumivu yake. Lakini mtu ambaye kipato chake ndicho pekee kinachoingia nyumbani haumii tu. Anaacha masomo.

Wanaojaribu kutoacha hufanya jambo ambalo kila msimamizi wa mafunzo analifahamu na wachache wanalisema: wanafanya kazi ya usiku baada ya siku nzima ya mafunzo. Wanawasili asubuhi kwenye ofisi ya ulinzi wa mtoto wakiwa wamelala kwa muda wa saa tatu tu. Wanaandika taarifa ambazo hakimu atazisoma kabla ya kuamua mtoto alelewe na nani. Mkitafakari usalama wa wahudumiwa, ambao ndio msingi wa kanuni zenu zote, mtaona kwamba utaratibu unaomchosha mwanafunzi kiasi hicho hauwezi kuitwa ulinzi wa viwango.

Kuna wenzetu ambao tayari ni waajiriwa katika mashirika ya huduma za jamii. Wameambiwa kwamba kituo chao cha kazi hakiwezi kuwa kituo cha mafunzo, hata kama kitengo ni kingine, msimamizi ni mwingine na majukumu ni mapya. Basi wanaomba likizo bila malipo, au wanajiuzulu, ili wakafanye kazi ya aina ile ile katika ofisi nyingine bila ujira. Wakirudi, nafasi zao zimeshajazwa. Tumejaribu kutafuta faida ambayo mhudumiwa, chuo au taaluma inaipata katika utaratibu huu, na hatujaiona.

Yapo pia mambo madogo yanayokuwa makubwa kwa mwenye familia: kupangiwa kituo kilicho mbali bila kuulizwa, kuarifiwa siku chache kabla ya kuripoti, kutakiwa kuwa na gari au leseni ya udereva pasipo mtu kuambiwa hivyo wakati wa kujiunga, na kukatazwa kugawa saa za mafunzo katika siku chache za wiki kwa muda mrefu zaidi. Hili la mwisho halihitaji fedha yoyote kulirekebisha.

4. Ratiba. Vipindi vinapangwa saa za kazi, mahudhurio ni ya lazima, na ratiba hutolewa muhula ukiwa mlangoni, wakati zamu za kazini na malezi ya watoto vimeshapangwa. Anayeahirisha masomo kwa sababu ya kuuguza au kujifungua hukuta ukomo wa miaka ya kumaliza shahada ukimngoja, na akivuka ukomo huo masomo aliyofaulu hufutwa.

5. Fedha. Mifumo mingi ya mikopo na ruzuku imejengwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kutwa aliyetoka sekondari hivi karibuni. Anayesoma nusu muda, au aliyevuka umri fulani, au aliyewahi kupata ufadhili kwa sifa nyingine miaka mingi iliyopita, anaambiwa ajilipie. Wanaohitaji kusoma polepole kwa sababu hawana fedha ndio hao hao wanaonyimwa fedha kwa sababu wanasoma polepole.

6. Waliyoyapitia wanafunzi, na ulemavu. Tunalitaja hili kwa uangalifu, kwa kuwa tunajua kwamba uchunguzi wa rekodi za makosa ya wanafunzi upo ili kuwalinda watoto na watu wasioweza kujitetea, na hatutaki ulegezwe pale unapolinda. Lakini katazo la jumla, lisilotofautisha kosa la wizi mdogo la miaka ishirini iliyopita na kosa la kumdhuru mtoto, linawafungia nje watu walewale ambao kutoka kwao huduma za urekebishaji zingejifunza mengi. Vivyo hivyo kwa mwombaji aliyewahi kutibiwa ugonjwa wa akili, ambaye hutakiwa kueleza maisha yake yote mbele ya jopo asilolijua ili athibitishe kwamba anafaa. Mnatufundisha kwamba watu hubadilika. Kazi yetu yote imesimama juu ya imani hiyo. Kwa wenye ulemavu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ibara ya 24, unazitaka nchi zihakikishe kwamba wanaifikia elimu ya juu na elimu ya watu wazima bila ubaguzi, na kwamba wanafanyiwa marekebisho yanayofaa. Marekebisho hayo mara nyingi huishia kwenye ukumbi wa mihadhara. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anafika kituo cha mafunzo na kukuta ngazi, na chuo kinamwambia hilo ni suala la kituo.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayafahamu, kwa kuwa tumeyapokea. Tunaomba tuyajibu moja moja.

Mmetuambia kwamba viwango vitashuka. Kiwango cha shahada ni kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya siku ya kuhitimu. Saa za jioni, masomo ya masafa na njia ndefu zaidi hazikigusi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, kikawapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 bila kudai vyeti vya kuingilia, na shahada zake zinaheshimiwa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kimefundisha kwa masafa tangu miaka ya 1940, na shahada ya ustawi wa jamii ni miongoni mwa zile kinazozitoa.

Mmetuambia kwamba mabaraza ya ithibati hayaruhusu. Ni kweli kwamba baadhi yana masharti makali. Baraza la elimu ya ustawi wa jamii la Marekani linakataza kabisa kutoa alama za masomo kwa uzoefu wa maisha au wa kazi. Hatukubaliani na katazo hilo likiwa la jumla namna hiyo. Lakini baraza hilo hilo, katika viwango vyake vya mwaka 2022, linaruhusu majukumu ya mwanafunzi katika ajira yake yahesabiwe kuwa saa za mafunzo, mradi yafungamane moja kwa moja na umahiri unaotakiwa. Chombo kikali kuliko vingi kimeona kwamba jambo hilo linawezekana. Tena tumegundua, kwa kusoma kanuni wenyewe, kwamba mara nyingine katazo tunaloambiwa limetoka juu limeandikwa na idara yenyewe.

Mmetuambia kwamba fedha hazipo. Kuanzia Julai 1, 2025, serikali ya Australia inawalipa kila wiki wanafunzi wa ustawi wa jamii, ualimu, uuguzi na ukunga wanaotimiza kigezo cha kipato wakati wa mafunzo yao ya lazima. Malipo hayo hayamfikii kila mtu na hayalingani na mshahara, lakini yamekubali kanuni kwamba kazi hiyo ina gharama na kwamba gharama hiyo haipaswi kubebwa na mwanafunzi peke yake. Hata pale ambapo hazina haina kitu, kutangaza ratiba mapema, kugawa saa za mafunzo na kumruhusu mtu afunzwe alikoajiriwa ni maamuzi ya kalamu.

Mmetuambia, na hili limetuuma, kwamba watu wazima huacha masomo, na kwa hiyo kuwapa nafasi ni kuzipoteza. Tazameni fomu za kuacha masomo. Sababu iliyowekewa alama ni «sababu za kifamilia», kwa kuwa fomu haina kisanduku cha kituo cha mafunzo kilichokataa siku tatu kwa wiki, wala cha ratiba iliyobadilishwa katikati ya muhula. Takwimu mnazotusomea zimekusanywa kwa fomu ambayo imeshaamua kosa ni la nani.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwa mabaraza ya ithibati: andikeni waziwazi kwamba mafunzo kwa vitendo yanaweza kufanyika kwa nusu muda na mahali mtu alikoajiriwa, kwa msimamizi tofauti na majukumu mapya, na wekeni kiwango cha chini cha utambuzi wa ujuzi uliotangulia ambacho kila chuo kitalazimika kukitoa, badala ya kukiacha kiwe hiari.

Kwa makamu wakuu wa vyuo na wakuu wa idara: fungueni udahili wa watu wazima wenye mtihani na mwongozo unaotangazwa mapema, toeni ratiba ya mwaka mzima kabla ya mwaka kuanza, ongezeni ukomo wa miaka ya kumaliza shahada kwa wanaosoma nusu muda na kwa waliouguza au kujifungua, hakikisheni kwamba kituo chochote cha mafunzo kimekaguliwa kama kinafikika kabla mwanafunzi mwenye ulemavu hajapangiwa, na undeni jopo la kupitia rekodi za nyuma kwa kila shauri peke yake, likiwa na mjumbe aliyewahi kuwa mhudumiwa, na likitoa sababu za uamuzi kwa maandishi. Tunaomba pia mchapishe kila mwaka, kwa makundi ya umri, idadi ya walioomba, waliodahiliwa, walioacha na hatua waliyoachia. Bila takwimu hizo mjadala huu utaendelea kuwa neno letu dhidi ya neno lenu.

Kwa bodi za mikopo na wizara zinazozisimamia: ondoeni ukomo wa umri, mpeni mwanafunzi wa nusu muda mkopo unaolingana na mzigo wake wa masomo, na anzeni kulipa posho ya kujikimu wakati wa mafunzo kwa vitendo, hata kama mtaanza na wale wenye wategemezi. Kama mwanzo huo hauwezekani kwa mwaka mmoja, tuambieni ni lini utawezekana.

Tunaomba jibu la maandishi kabla dirisha la udahili wa mwaka ujao wa masomo halijafunguliwa, ili watakaoomba wajue wanaingia katika masharti gani. Tuko tayari kuitwa kikaoni kwa pamoja au kwa uwakilishi, na tutakuja na vielelezo vya kila tulilolitaja hapa. Tungeshukuru kikao hicho kikipangwa jioni au Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine wengi wetu tuko kazini.

Wenu katika utumishi,

Wanafunzi na waombaji watu wazima wa shahada ya ustawi wa jamii